Waliouliza na Waliojibu

Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu kinene cha Kiswahili kilichoitwa Desturi za Wasuaheli. Msomaji alikuta humo habari za uzazi na malezi, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, ngoma za pepo, watumwa na mabwana zao, hongo waliyotozwa wenye misafara, hadi namna maiti anavyooshwa na kuzikwa. Jina lililowekwa juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Lakini aliyeandika sehemu kubwa ya maneno yale ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda, nje kidogo ya Bagamoyo, mtu aliyesoma dini, akafundisha watoto, akaijua pwani na bara yake.

Mtoro alikuwa amefika Berlin mwaka 1900, naye akafundisha Kiswahili kwa Wajerumani waliojiandaa kuja kututawala. Mwaka uliofuata Velten alichapa kitabu kingine, Safari za Wasuaheli, na humo mna masimulizi ya Mtoro ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Hakusimulia njia tu. Alieleza mila za Wadoe, watu wasio wa kabila lake, kama alivyozikuta na kuzisikia huko huko. Alikwenda, akauliza, akatazama, akaandika. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walipotaka kuja kuishi Afrika Mashariki mwaka 1905, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka pwani, kwa kuwa haikutaka kumwona mwanamke Mzungu akiwa mke wa Mwafrika mbele ya macho ya watawaliwa. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Naanza na mtu huyu kwa makusudi. Historia ya anthropolojia inayofundishwa vyuoni haianzi kwake. Huanza kwa wasomi wa Ulaya, na kwa haki ya ukweli wapo wanaostahili kutajwa, maana waligundua jambo kubwa: kwamba huwezi kuwajua watu kwa barua. Ila tangu siku ya kwanza kazi hiyo ilihitaji watu wa pande mbili, anayeuliza na anayejibu, na upande mmoja ndio ulioandikwa kwenye majalada.

Wakati Mtoro anaandika, wakubwa wa fani hiyo Uingereza walikuwa watu wa maktaba. Edward Tylor alikuwa Oxford. James Frazer alikuwa Cambridge, na kitabu chake The Golden Bough, kilichotoka mwaka 1890, kilikusanya mila za dunia nzima kutoka katika barua za wamisionari, ripoti za maofisa na vitabu vya wasafiri. Tangu mwaka 1874 palikuwa na kitabu cha maswali, Notes and Queries on Anthropology, ambacho msafiri alikibeba ili ajue la kuuliza akifika kwa watu. Majibu yalisafiri kwa meli mpaka mezani kwa msomi, naye akayapanga. Mwaka 1898 Alfred Haddon aliongoza kundi la wanasayansi wa Cambridge hadi visiwa vya mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Papua. Mmoja wao, W. H. R. Rivers, aligundua huko kwamba ukimwomba mtu akutajie wazazi wake, ndugu zake, wajomba zake na watoto wao, jina kwa jina, utapata ramani ya jamii nzima bila kuuliza hata swali moja la kinadharia. Hata hivyo walikaa miezi michache tu, na mara nyingi walisema na watu kwa Kiingereza cha kuvunjavunja.

Aliyebadilisha mwendo alikuwa Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Kraków, mji wa Poland uliokuwa chini ya Austria. Mwaka 1914 vita kuu ilipolipuka yeye alikuwa Australia. Kwa uraia wake alihesabiwa mtu wa upande wa adui, lakini serikali ya Australia ilimwacha aendelee na utafiti Papua, hata ikamsaidia fedha. Baada ya miezi kadhaa Mailu, alikwenda visiwa vya Trobriand na kupiga hema katika kijiji cha Omarakana, makao ya chifu To'uluwa. Alikaa mwaka 1915 hadi 1916, akarudi tena 1917 hadi 1918.

Hema lile lilikuwa katikati ya nyumba za watu. Alipoamka asubuhi aliona wanawake wakipika, wanaume wakienda shamba, mtu na mkewe wakigombana. Ugomvi ulipozuka usiku aliusikia bila kuitwa. Alijifunza lugha ya Kiriwina hadi akaacha wakalimani. Aliandika koo, akachora mipaka ya mashamba, akahesabu viazi vikuu vilivyopelekwa kwa wakwe. Bagido'u, mganga wa mashamba wa Omarakana, alimfundisha maneno ya uganga wa kilimo neno kwa neno, na bila mtu huyo kitabu cha mashamba ambacho Malinowski alikitoa mwaka 1935 kisingalikuwapo. Zaidi ya mambo makubwa aliandika yale madogo ambayo hakuna anayeyajibu akiulizwa, kwa sababu hakuna anayejua kwamba anayafanya: sauti ya mtu anapomwamkia mkubwa, nani anakaa karibu na nani, kicheko kinachokatika mtu fulani anapopita.

Matunda ya kukaa kule yalionekana katika kitabu chake cha mwaka 1922, Argonauts of the Western Pacific, kinachoeleza desturi ya kupeana vitu ambayo wenyeji waliiita kula. Watu wa visiwa vilivyotengana kwa safari ya siku nyingi za mtumbwi walipeana mikufu ya kombe nyekundu iliyozunguka visiwani upande mmoja, na bangili nyeupe za kombe zilizozunguka upande wa pili. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa na kitu hicho muda mrefu. Ukipewa, unakitunza, unajivunia, kisha unakipeleka mbele kwa mwenzako wa kisiwa kingine. Wafanyabiashara wa Ulaya walioishi kule walikuwa wameona vipande vya jambo hilo wakadhani ni mchezo wa watu wajinga wanaobadilishana mapambo. Malinowski alionyesha kwamba heshima, urafiki, siasa, uganga wa mitumbwi na biashara ya kawaida vyote vilisafiri pamoja na mikufu ile.

Mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, mjane wake alichapisha shajara aliyoiandika huko huko. Wengi walishtuka. Mtu aliyehubiri kuishi na watu kwa moyo mkunjufu alikuwa amejaza kurasa kwa hasira, upweke, na maneno ya dharau juu ya wenyeji wake. Mimi naona shajara ile imefanya kazi njema. Imetuonyesha kwamba aliyekuja kuuliza hakuwa jicho lisilo na mwenyewe, na kwamba watu wa Omarakana walimvumilia mgeni mzito.

Malinowski alirudi London akafundisha katika chuo cha London School of Economics, na semina yake ikawa tanuri la fani nzima. Mmoja wa vijana wa mwanzo alikuwa Edward Evans-Pritchard, aliyekwenda kwa Waazande, kusini mwa Sudan ya siku zile, kati ya 1926 na 1930. Alitaka kujua siri za waganga wa Kizande, lakini aliona akijiunga mwenyewe hawatamwambia kitu. Basi akamlipia karo mtumishi wake Kamanga, Mzande, aingie katika chama cha waganga, afundishwe, kisha amweleze. Kamanga alipewa walimu wawili walioshindana, Badobo na Bogwozu, na kila mmoja alikuwa tayari kufichua hila za mwenzake.

Kuna tukio moja katika kitabu cha mwaka 1937 linalonisumbua kila ninapolisoma. Mgonjwa alikuwa amelala, na Kamanga alitakiwa kumwondolea tumboni kitu kilichorushwa na wachawi. Hila ya waganga ilikuwa kuficha kipande kidogo cha mkaa katika dawa ya kubandika, kisha kukitoa mbele ya watu. Evans-Pritchard aliijua hila hiyo. Alipopokea dawa ile ili ampitishie Kamanga, alikitoa kile kipande kwa vidole bila kuonekana. Kamanga akatafuta na kutafuta, asipate kitu, akabaki amefadhaika. Hatimaye mwalimu wake alilazimika kukiri. Ukweli ulipatikana, na kitabu kikawa miongoni mwa vitabu vikubwa vya karne: ni yeye aliyeonyesha kwamba ghala linapowaangukia watu waliojipumzisha kivulini, Mzande anajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo, na anachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii. Hiyo ni akili timamu inayouliza swali ambalo sayansi haiulizi. Lakini Kamanga aliaibishwa mbele ya mgonjwa wake na mtu aliyekuwa bwana wake, na asingeweza kukataa.

Mamlaka haikuwa mbali kamwe. Evans-Pritchard alipokwenda kwa Wanuer mwaka 1930, alikwenda kwa ombi la serikali ya Sudan, miaka michache tu baada ya serikali hiyo kuwapiga Wanuer kwa ndege na askari. Wakamficha majina ya koo zao. Walimjibu swali kwa swali, wakaomba tumbaku yake. Ameandika hayo waziwazi, na ni haki kumpa sifa hiyo. Watu waliopigwa wana sababu ya kunyamaza.

Mwaka 1926 ilianzishwa taasisi ya London ya kuchunguza lugha na tamaduni za Afrika, na fedha za wakfu wa Rockefeller kutoka Marekani zikaiwezesha kuwapeleka vijana uwandani. Miongoni mwao alikuwa Godfrey Wilson, Mwingereza, aliyefika Rungwe, Tanganyika, mwaka 1934. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, binti wa wamisionari, mzaliwa wa Lovedale huko Afrika Kusini, aliyezungumza Kixhosa tangu utotoni na aliyekuwa amekwisha kufanya utafiti kwa Wapondo. Wakakaa na Wanyakyusa, kwa vipindi, mpaka 1938.

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi, migomba na malisho, chini ya milima iliyopata kutoa moto, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wamefika tangu 1891, kwa hiyo akina Wilson hawakuwakuta watu wasioonwa na mtu. Waliwakuta wasomi, walimu, makarani, Wakristo na wasio Wakristo wakiishi katika ukoo mmoja. Hilo ndilo jambo zuri la utafiti wao: hawakujifanya hawaoni kanisa, shule wala fedha za vibarua waliotoka migodini.

Waliligawana pia lile ambalo mtafiti mmoja peke yake asingeliweza. Kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani, hupinda. Wanaume wana mazungumzo yao na wanawake yao. Godfrey alikaa barazani na wazee, akasikiliza kesi mbele ya malafyale, yaani chifu, akacheza na vijana. Monica alikaa jikoni na shambani na wanawake, akaandika mambo ya uzazi, ya mwali anapoingizwa ndani, ya mke wa kwanza na wa tatu. Walipokutana jioni waliunganisha nusu zao mbili.

Jambo lililowavutia kupita yote lilikuwa vijiji vya rika. Mtoto wa kiume aliposhika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kuchunga ng'ombe, akawaachia wadogo, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko. Mchana walilima mashamba ya baba zao, na wakati wa chakula kundi zima lilikwenda kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana akiwa mchoyo, akala peke yake kwa mama yake, alionekana mtu mbaya. Walipooa walileta wake zao pale pale, na vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima. Rika moja likizeeka, ilifanyika sherehe kubwa ya kuikabidhi nchi kwa watoto: moto wa zamani ulizimwa, ukapekechwa mpya, mashamba yakagawanywa upya, na baba wakasogea kando. Kuishi na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao mpaka usiku, Wanyakyusa waliliita ukwangala, nao walilihesabu kuwa jambo ambalo mtu hawezi kuwa mtu bila hilo. Kitabu cha kwanza cha Monica juu yao, cha mwaka 1951, kimepewa jina kutokana na wazo hilo: Good Company.

Godfrey aliandika juu ya misiba, na makala yake ya mwaka 1939 kuhusu mazishi ya Wanyakyusa ni mfano mzuri wa mtu anayetazama kwa makini. Alikuta wanawake wakilia karibu na kaburi, na wanaume, baada ya machozi machache, wakicheza ngoma na mikuki mikononi, wakiruka, wakitupa macho ya vita. Mgeni wa haraka angeandika kwamba watu hawa hufurahia kifo. Yeye alihudhuria misiba mingi, akauliza waliokuwa wakicheza, mmoja mmoja, kila mtu anahisi nini. Akagundua kwamba kulia na kucheza ni wajibu uliopangwa, nani afanye nini na wakati gani, lakini chini ya wajibu huo hisia zinatofautiana: yupo anayecheza kwa hasira ya kifo, yupo anayecheza kumpa heshima ndugu yake, na kijana yupo amekuja kuonekana na wasichana. Wakristo walisimama upande wao wakiimba nyimbo za kanisa. Yote hayo kwenye uwanja mmoja.

Maswali yale hayakuulizwa na Mwingereza peke yake. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa msomi, alikuwa karani wao. Karani katika kazi hii si mtu wa kunakili tu. Aliandika masimulizi ya watu kwa Kinyakyusa, akayafasiri, akaeleza kwa nini mzee fulani amekasirika, akaonya swali lipi lisiulizwe leo na nani afuatwe kesho. Kasitile, mganga wa mvua wa ukoo wa makuhani, alikuwa rafiki wa Godfrey na alimwambia mambo ambayo mgeni hakupaswa kuyasikia, hata mashaka yake mwenyewe na ugomvi wa ndugu zake. Ukifungua vitabu vya Monica vya matambiko, vya mwaka 1957 na 1959, utakuta kurasa na kurasa za maelezo ya watu hao, wengine wakipingana. Alifanya vizuri kuyaacha yapingane.

Miaka ile ile, mbali na Rungwe, Mkikuyu mmoja alikuwa katika hali mbili mjini London. Katika University College alikuwa akilipwa kutamka maneno ya lugha yake ili Lilias Armstrong aandike toni za Kikikuyu. Katika London School of Economics, kuanzia 1935, alikaa katika semina ya Malinowski kama mwanafunzi. Jomo Kenyatta alijua maana ya kuwa mtu anayechunguzwa na maana ya kuchunguza, vyote katika wiki moja. Mwaka 1938 alitoa Facing Mount Kenya, na Malinowski akakiandikia dibaji. Humo aliandika juu ya ardhi, ukoo, ndoa, tohara na serikali ya wazee akisema waziwazi kwamba anasema kwa niaba ya watu wake waliopokonywa mashamba. Wapo waliosema si sayansi kwa kuwa ana upande. Na ni kweli kwamba anaupamba ulimwengu wa Kikuyu wa kale, na utetezi wake wa tohara ya wasichana hauwezi kukubaliwa leo. Lakini wale waliomwambia hivyo nao walikuwa na upande. Tofauti ni kwamba wao hawakuutaja.

Godfrey Wilson alitoka Rungwe mwaka 1938 kwenda Rhodesia ya Kaskazini kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone. Badala ya kutafuta kijiji cha mbali alikwenda Broken Hill, mji wa mgodi ambao leo ni Kabwe, kuchunguza maisha ya wachimba madini Waafrika: mishahara yao, nguo zao, wake zao, chakula chao. Aliwatembelea nyumbani, akazungumza nao kama watu sawa naye, na tena alikuwa mtu aliyekataa kupigana vita kwa dhamira. Wenye mgodi wakamfungia milango ya makazi ya wafanyakazi. Mwaka 1941 akajiuzulu. Alifariki 1944, akamwachia Monica watoto wawili wadogo na daftari za Rungwe. Monica alizifanyia kazi zaidi ya miaka thelathini, mpaka kitabu cha mwisho cha mwaka 1977.

Akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Monica alihitaji kukamilisha utafiti juu ya Langa, mtaa wa Waafrika pembeni mwa jiji. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1960. Polisi walikuwa wameua waandamanaji Sharpeville na hapo Langa mwezi Machi 1960. Mwanamke Mzungu asingeweza kukaa Langa kama alivyokaa Rungwe. Aliyeingia ni mwanafunzi wake, Archie Mafeje, aliyezaliwa 1936 katika Cape ya Mashariki. Alikaa na vibarua kwenye mabweni yao, ambako watu wa kijiji kimoja walipika chungu kimoja, na akatembea na vijana wa mjini, wa makanisa, wa klabu za raga na kriketi. Kitabu kilipotoka mwaka 1963, majina mawili yalikuwa kwenye jalada: Monica Wilson na Archie Mafeje. Kutoka kwa Mtoro mpaka pale ni miaka 60.

Mafeje alikwenda Cambridge, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya wakulima wa Buganda chini ya Audrey Richards, mwanafunzi mwingine wa Malinowski. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya kufundisha, kisha, kwa shinikizo la serikali ya makaburu, kikaiondoa. Wanafunzi mamia walikalia jengo la utawala la chuo siku tisa kupinga. Naye akaja Dar es Salaam, akaongoza idara ya sosholojia. Mwaka 1971 alichapa makala iliyowauliza wenzake kwa nini kila kitu cha Mwafrika wanakiita ukabila, hata pale ambapo watu wenyewe wanagombea ardhi, vyeo na mishahara. Miaka hiyo hiyo Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu aliyesoma Oxford katika taasisi ya Evans-Pritchard, alitoa African Religions in Western Scholarship. Anaeleza humo jinsi alivyopinga darasani walimu walipowaita Waafrika washenzi, na jinsi walivyoendelea. Vyuo vingi vya Afrika baada ya uhuru havikutaka hata jina la anthropolojia, vikafundisha sosholojia badala yake.

Naelewa hasira ile na naikubali. Lakini kazi yenyewe ya kukaa na watu haikufa, na haikupaswa kufa. Mwaka 1965 Pat Caplan, aliyejifunza Kiswahili London, alifika Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, akarudi huko mara nyingi katika miaka iliyofuata. Mwanakijiji mmoja, ambaye kitabuni ameitwa Mohammed, aliombwa aandike shajara yake kwa Kiswahili: mavuno, maradhi, pepo, watoto, deni. Kitabu cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, kimejengwa juu ya maneno ya mtu huyo na jamaa zake.

Kwa Kiingereza, hata hivyo. Na daftari za Godfrey na Monica zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na kurasa za Kinyakyusa alizoziandika Leonard Mwaisumo. Mwaka 2013 wasomi walitoa kitabu kizima juu ya Monica na wasaidizi wake, na Mwaisumo amepewa sura yake humo. Ni hatua. Inayofuata ni kwamba kurasa zile zichapwe kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, jina la mwandishi likiwa juu, ziuzwe Tukuyu na Mbeya kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaiweza, na wajukuu wa waliosema mwaka 1936 waweze kusahihisha pale ambapo babu zao walieleweka vibaya.